Azaa ya Kundi la Mpira

Kundi letu la mpira la kwenye simu, la Waswahili wa Maskati, lilikuwa na desturi moja, na mtu asiyeijua hawezi kuelewa lililotokea. Timu yako ikifungwa, umefiwa. Hatukuwa tukichekana kama watu wengine. Mkubwa wa kundi aliandika tanzia kama zile zinazozunguka kwenye simu za Maskati nzima mtu akifa: imetufikia habari ya msiba, sala ya maiti baada ya laasiri katika msikiti fulani, azaa, yaani kikao cha kumpa pole mfiwa, ya wanaume katika sabla fulani, ukumbi wa mtaa, na ya wanawake nyumbani kwa marehemu. Kisha tunaingia mmoja mmoja kumhani mfiwa. Sharti lilikuwa usitaje mpira. Goli, refa, kipa, timu, yote marufuku. Anayetaja mpira ameshindwa, na anayecheka kwenye ujumbe wa sauti ameshindwa vilevile. Kazi ya mfiwa ni kushukuru. Akimshukuru kila mtu kwa adabu mpaka magharibi, ameshinda na anaachwa. Akikasirika, au akitoka kwenye kundi, azaa inaongezwa.

Mimi walinifanyia mara tu nilipoingia. Nilikuwa nimekaa na bibi yangu nyumbani kwetu mtaa wa Hail, simu ipo juu ya meza, nikafungua ujumbe wa sauti bila kujua ni nini. Ikatoka sauti ya mtu analia kilio cha mwanamke wa Kiunguja, kile cha kuvuta na kukatika. Bibi akasimama. Akauliza, "Nani? Ni dada yangu?" Mimi nina aibu tangu mdogo, na nikishtuka maneno hayatoki. Nilipoweza kusema ni mchezo, alikuwa ameshavaa buibui na yuko mlangoni anatafuta viatu. Walipojua, waliniuliza mwezi mzima: "Bibi keshafika azaani?" Nami nilimshukuru kila mmoja. Nikakubaliwa. Jina langu humo likawa Bubu.

Nilifurahi kuwa na jina. Shule niliiacha baada ya darasa la sita, na kazi yangu ni kupiga pasi mabuibui dukani kwa ami yangu. Kiswahili nimejifunza kukiandika kwenye simu, herufi moja moja. Wenzangu walikuwa watu wa maofisi na maduka. Mkubwa wetu alikuwa na kazi nzuri Khuwair ya Kusini, kanzu yake haina hata mkunjo, na akizungumza watu hunyamaza. Wa pili wake tukimwita Mwigizaji, muuza simu mnene mwenye sauti za kila aina kooni. Kilio alichokisikia bibi yangu kilikuwa chake.

Mmarekani aliletwa na Mwigizaji. Walikutana kwenye ule mchezo wa mtandaoni wa kuchezesha timu za mpira. Mwigizaji alishangaa kumsikia mtu wa Amerika anasema "Alaa, kumbe" baada ya kufungwa. Mama yake alikuwa Mzanzibari. Kiswahili chote alichokuwa nacho alikipata kwa mama huyo, na kwa hiyo mwanamume mzima wa miaka ishirini na kitu alizungumza kama bibi wa Ng'ambo. Siku ya kwanza alituandikia: "Hamjambo wanangu. Nnafurahi kukuoneni." Kundi zima lilivunjika mbavu. Wakamwita Bi Mkubwa. Hakuelewa kwa nini, akashukuru.

Alikuwa mtu wa michezo kweli, lakini michezo ya kwao. Mpira wa kikapu, na ule mpira wao wa yai wanaoukamata kwa mikono. Mpira wetu hakuwa ameuona hata mara moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sisi tukamfundisha.

"Imekwisha bila bila," aliandika baada ya mechi ya kwanza. "Na watu wanapiga makofi. Wamekuja kuona nini?"

"Wamekuja kuona bila," Mkubwa akamjibu. "Hii bila ya leo ilikuwa nzuri."

"Na huyu amelala chini analia. Nimerudisha picha mara tatu. Hakuna aliyemgusa."

"Anaomba."

"Anaomba nini?"

"Riziki, Bi Mkubwa. Riziki."

Kitu kilichomsumbua zaidi ni saa. Kwao saa husimama kila mara, watu wanakwenda kula na kurudi. Hakukubali kwamba refa peke yake ndiye anayejua mechi itakwisha lini. "Sasa mtu anajuaje kama bado ana nafasi?" aliuliza. Baada ya wiki chache alikuwa hakosi mechi. Mechi za mataifa ndizo alizozipenda, watu wanaimba wimbo wa taifa na machozi yanawatoka. Alisema mpira wa kwao unapumzika mno, na huu wetu unakwenda tu kama mtu anayesoma bila kuvuta pumzi. Tukamwambia achague timu. Akachagua nchi yake mwenyewe, ambayo siku zote alikuwa hajui hata kama ina timu.

Mkubwa alifurahi sana. Tulikuwa na kundi la pili dogo, ambalo Mmarekani hakuwemo, na humo akaandika: "Asiambiwe desturi. Siku timu yake ikifungwa tumzike bila kumwonya. Nataka kumsikia Bi Mkubwa anavyolia."

Mimi na Mmarekani tuliandikiana pembeni pia. Ilitokea yenyewe. Mimi naandika polepole na yeye anasoma polepole, kwa hiyo hakuna aliyemchosha mwenzake. Sentensi moja asubuhi, jibu mchana. Huko ndiko alikoniambia kwamba anaangalia mpira hospitali. Mama yake alikuwa na figo mbovu, alilazwa, na chumbani kulikuwa na televisheni. Mama hakujua mpira lakini aliuliza kila mara, "Nani anashinda?" Akaniomba ugonjwa huo nisiuseme kundini, kwa kuwa kundini anataka kucheka tu.

Lakini jambo la khalati yake, dada wa mama yake, alilisema mbele ya wote. Mama yake aliletwa Maskati na dada yake mkubwa, wakiwa wasichana, wakakaa Sib. Dada ndiye aliyemlea. Kisha mama akampenda Mmarekani mmoja aliyekuja huku kwa kazi. Dada akakataa, mama akaolewa hivyo hivyo, na dada akamwambia: "Ukitoka na mtu huyu, usirudi kwangu, hai wala maiti." Hawakusemezana tena. Mama alimkataza mwanawe kupiga simu, alisema dada yake ataikata na yeye hatastahimili kuisikia inakatwa. Lakini mtoto alitaka kitu kimoja tu: khalati amsamehe mama. Hilo ndilo lililomfanya atafute watu wa Maskati kwenye mtandao, na mpira ulikuja baadaye.

"Nipe mahali," Mkubwa alimwandikia. "Mimi nitakwenda kuzungumza naye."

Akampa. Sib, kichochoro nyuma ya soko la samaki, geti la kijani. Mkubwa hakwenda. Alisema kazi nyingi.

Timu ya Amerika ikafungwa siku ya kazi. Ilikuwa mechi ya kirafiki tu, kwao jioni, kwetu alfajiri. Mimi sikuiona. Dukani ami anataka simu ikae droo mpaka adhuhuri, maana mtoto mmoja aliyekuwepo kabla yangu aliwahi kuunguza buibui la harusi kwa sababu ya simu. Nilipoitoa, kundi lilikuwa limejaa.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wake, umekuja dakika chache baada ya mechi kwisha:

"Jamaani, mama yangu amefariki. Sina mtu hapa."

Chini yake Mkubwa: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ndugu yetu, tumepokea habari hii kwa huzuni kubwa. Mama yako ni mama yetu."

"Ahsante ndugu yangu," Mmarekani aliandika. "Mungu akulipe."

Halafu wengine, mmoja baada ya mmoja. Mungu amlaze pema. Mungu akupe subira. Kila mmoja alishukuriwa kwa jina lake. Nikasoma chini mpaka nikafika kwenye ujumbe wa sauti wa Mwigizaji, na sikuhitaji kuufungua. Nikafungua kundi la pili.

"Katuwahi wallahi," Mkubwa alikuwa ameandika. "Tanzia yangu ilikuwa tayari, yeye katangulia kumuua mama yake mwenyewe. Nani kamfundisha?"

"Nani mwengine? Bubu."

"Bubu, umeuza siri zetu?"

"Na anashukuru vizuri, hamumwoni? Huyu kafundishwa mpaka mwisho."

"Basi tuongeze," Mkubwa akasema. "Asifike magharibi. Lazima avunjike."

Nikaandika. Mikono ilikuwa na jasho la pasi na herufi zilinikimbia. Niliandika: "Ni kweli. Mama yake alikuwa mgonjwa. Kafa kweli." Mpaka naituma, yalikuwa yameshapita maneno mengi juu yake.

"Ahsante, Bubu. Kweli tupu."

"Wamepanga hawa wawili."

"Bubu, na wewe bibi yako keshafika?"

Nikarudi kundi kubwa. Huko sikuweza kuandika chochote cha kuwaonya, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anasoma. Na hapo ndipo nilipoona alichowaomba. Alikuwa ameandika: "Nakuombeni, mwenye uwezo amfikishie khalati yangu habari. Mwambieni mama alimtaja mpaka mwisho."

Muda si mrefu baadaye Mkubwa akamjibu: "Nimetoka kwa khalati yako sasa hivi. Nimemkuta amekaa na msahafu. Nilipomwambia alianguka. Amelia, ndugu yangu, mpaka majirani wameingia. Anasema amemsamehe mdogo wake, duniani na akhera. Kesho inasomwa hitma hapo nyumbani."

Nilimjua Mkubwa. Saa zile alikuwa Khuwair, na Sib iko mbali. Alikuwa hajanyanyuka kitini.

Mmarekani hakumjibu kundini. Alinitumia mimi ujumbe wa sauti. Nilikwenda kuusikiliza nyuma ya duka, karibu na mashine ya kipozahewa inayodondosha maji. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa nyuma kulikuwa na mwanamke anazungumza Kiingereza na kitu cha magurudumu kinapita.

"Bado hawajamchukua," alisema. "Nimemwambia sikioni. Nimemwambia, mama, dada yako kakusamehe. Nimemwambia mara mbili. Najua hasikii. Lakini uso wake umekuwa mzuri, nnakwambia kweli. Nyinyi watu wa mpira, sijui nikulipeni nini."

Nilimwambia ami naumwa, nikapanda teksi mpaka Khuwair ya Kusini. Walikuwa kwenye mkahawa wao wa kila siku, ule wenye meza nje chini ya jengo la ofisi, wanakunywa chai ya maziwa. Mkubwa, Mwigizaji, na wengine wawili. Mwigizaji alikuwa ameshika simu mdomoni, amefumba macho, anajitayarisha kulia tena.

"Karibu Bubu," Mkubwa akasema. "Umekuja kuhani? Wanawake upande ule."

Nilifungua mdomo.

"Mpeni nafasi. Anapasha moto."

"Ni... ni..."

"Ni msiba mkubwa, tunajua. Kaa. Unakunywa nini, mfiwa?"

Mmoja wao akaigiza namna ninavyofanya kidevu ninapotafuta neno. Wakacheka, na Mwigizaji akakasirika kwa sababu kicheko kimeingia kwenye sauti aliyokuwa anairekodi. Sikukaa. Nikaweka simu yangu mezani katikati ya vikombe, nikafungua ile sauti mpaka juu.

Walipoisikia mara ya kwanza, mmoja alisema, "Mashallah, hata hospitali kaitengeneza." Halafu ikaingia sauti ya yule mwanamke wa Kiingereza. Alisema maneno ambayo mimi sikuyaelewa lakini wao, watu wa shule, waliyaelewa wote. Mwigizaji akaweka simu yake chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulia chenyewe. Mkubwa akairudisha sauti mwanzo, akaisikiliza tena peke yake, sikioni. Kisha akanirudishia simu.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

Hakuna aliyecheka wakati huo.

"Khalas," akasema. "Tumesema maneno mazuri. Hakuna neno baya hata moja, rudini mkasome. Mtu amefiwa, tumemhani. Kuna kosa gani?"

"Na khalati?" nikasema. Lilitoka moja kwa moja, bila kukwama.

Mkubwa alitazama gari zilizoegeshwa. "Nitakwenda leo. Nikitoka kazini tu. Nitamwambia, atalia, itasomwa hitma. Itakuwa kweli, basi. Tofauti itakuwa ya saa chache."

"Na kama hakusamehe?"

"Mama yake ameshapewa habari sikioni, Bubu. Unataka mtoto aende kumnyang'anya?"

Mwigizaji ndiye aliyeuliza, "Sasa tumwandikie nini?" Kila mtu alishika simu yake. Asubuhi yote maneno yalikuwa yakiwatoka bila kufikiri, na sasa hakuna aliyekuwa na hata moja. Mmoja aliandika pole, akaifuta. Mmoja alisema ana kikao. Mmarekani alikuwa ameandika tena kundini, anawashukuru kwa pamoja, na chini ya shukrani zake kulikuwa kweupe. Baadaye akaandika: "Mumechoka na mimi. Samahani. Nitapunguza."

"Bubu," Mkubwa akasema, "mwandikie wewe kwa niaba yetu sote."

Kesho yake jioni Mkubwa alitangaza kundini kwamba hitma imesomwa, watu walijaa mpaka kichochoroni, na khalati amemwombea dua mtoto wa mdogo wake. Niliposoma hivyo nilipumua. Nilijua kwamba siku ya kwanza alisema uwongo, na niliamini kwamba siku ya pili alikwenda.

Baada ya hapo mchezo ulikufa. Timu zikafungwa na hakuna aliyefiwa. Watu wakawa hawamjibu Mmarekani. Alikuwa akiuliza jambo la ofsaidi, la mchezaji aliyeumia, na swali lake linakaa siku nzima peke yake. Nikasikia kwa mteja mmoja wa dukani kwamba wenzangu wana kundi jipya. Mimi sikuitwa. Lile la zamani halikufungwa, liliachwa tu, na ndani yake tukabaki mimi na yeye tukizungumza habari za mechi za mataifa. Aliniuliza wako wapi. Nilimwambia kazi nyingi.

Alinieleza kwamba ile sauti ya kilio ameihifadhi. Kwenye mazishi ya mama yake walikuja watu wachache, Wamarekani, wakasimama kimya na mikono mbele. Hakuna aliyelia. Alirudi nyumbani akaifungua sauti ya Mwigizaji, ndipo na yeye akaweza kulia.

Akaja Maskati baada ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, kupita. Nilimpokea uwanja wa ndege kwa gari ya kaka yangu. Alikuwa mrefu mno, miguu haikuenea garini, na alinisemesha kama ninavyosemeshwa na bibi: "Umekula mwanangu?" Katika begi alikuwa na jezi za nchi yake, moja kwa kila mtu wa kundi, na kanga ya mama yake ya kumpa khalati. Alitaka aende kwa khalati siku hiyo hiyo, akamshukuru kwa hitma. Lakini kwanza aliona adabu kuwashukuru watu wa mpira.

Nilimwandikia Mkubwa. Alitufanyia heshima kubwa. Alitukaribisha ofisini kwake kwa halua na birika la kahawa, akamkumbatia, akamkalisha pahali pake mwenyewe. Mwigizaji alikuwepo. Wakavaa jezi juu ya kanzu, wakapiga picha. Mmarekani aliuliza ni nani aliyelia kwenye sauti, na Mwigizaji akanyanyua mkono nusu, kama mwanafunzi asiyejua jibu. Mmarekani akamfuata, akamshika kichwa, akambusu kwenye paji la uso.

"Umemlilia mama yangu," alimwambia. "Mungu akulipe, mwanangu."

Mwigizaji aliomba ruhusa kwenda msalani. Hakurudi.

Mkubwa akaniuliza kwa Kiarabu, huku anamimina kahawa na anatabasamu, tunakwenda wapi baadaye. Nikamwambia Sib. Mkono wake ukasimama.

"Mzuie," akasema, bado kwa Kiarabu. "Mwambie khalati anaumwa. Mwambie kasafiri. Sikwenda, Bubu. Nilifika mpaka kwenye geti nikarudi. Ningemwambia nini? Mimi ni nani kwake?"

"Anasema nini?" Mmarekani akaniuliza.

"Anasema kula halua," Mkubwa akamjibu kwa Kiswahili.

Njia ya Sib niliiendesha polepole. Nilijaribu kusema tulipopita Hail, sikuweza. Yeye alikuwa akizungumza habari za Kombe la Dunia, kwamba likichezwa kwao atapata wapi tiketi, na alikuwa na furaha. Karibu na soko la samaki nikaisimamisha gari pembeni. Nikamwambia yote. Desturi, tanzia, kwa nini waliandika, kilio, khalati. Nilisema kwa vipande, nilirudi nyuma, nilikwama, na hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa amezoea kunisubiri.

Nilipomaliza aliuliza, "Walimcheka mama au walinicheka mimi?"

"Wewe."

"Afadhali." Akatazama mikono yake. "Kwa hiyo khalati hajui."

"Hajui."

Nilidhani atasema turudi. Akachukua kanga, akafungua mlango.

Geti la kijani lilikuwa limechubuka rangi. Alifungua mwanamke mzee, mwembamba, ana unga mikononi. Alimtazama Mmarekani kwanza miguuni, halafu juu, na alipofika usoni akakaa hapo.

"Shikamoo, khalati," Mmarekani akasema.

"Kakutuma?"

"Hapana. Amefariki."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Bibi yule aliyafuta mabonge ya unga kidole kimoja kimoja, kwenye nguo. "Ramadhani imekwisha," akasema. "Na Hija imekwisha."

"Naam."

"Na mimi nilikuwepo hapa. Geti hili hili. Hakuja mtu."

Mmarekani alinigeukia. Ningeweza kusema ni kina nani, na yeye angeweza vilevile. Midomo yake ilifunguka. Kisha nikamwona anafikiri, na nikajua anafikiri nini: amwambieje mwanamke huyu kwamba habari ya mdogo wake ilifika Maskati asubuhi ile ile, na watu wakaichezea.

"Kosa langu, khalati," akasema. "Sikumwambia mtu."

"Hukumwambia mtu."

"Sikumwambia."

"Ramadhani nzima," bibi akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka, "nilikuwa nikiweka simu karibu na mswala. Nikisema mwaka huu atapiga. Nilikuwa nimeshaazimia, akipiga napokea. Mwezi mzima nnangoja simu ya maiti, na mwanawe unajua, umenyamaza."

"Nisamehe."

"Nani kamsomea?"

Mmarekani alinyoosha kanga kwa mikono miwili. Bibi aliitambua, niliona alivyoitambua, lakini mikono yake ya unga ilibaki chini.

"Nenda, baba," akamwambia. "Siwezi kukutazama. Una uso wake."

Akafunga geti, komeo likaingia. Tulisimama. Kwa ndani hatukusikia kilio wala nyayo, kwa hiyo nilijua na yeye amesimama papo hapo, upande wa pili. Mmarekani aliikunja kanga ndogo, ndogo zaidi, akarudi garini. Miguu yake ikagonga mbele kama ilivyogonga tangu uwanja wa ndege.

"Angepokea," akasema.

Nilikuwa natafuta funguo.

"Angepokea," akasema tena, akaniangalia kama mtu aliyeuliza kitu.

Nikawasha gari.